PowerShell na karafuu za mjomba

Jamani hii PowerShell, programu ya kuiandikia kompyuta amri, itanitoa roho wallahi. Mjomba hapa Wete kaniomba nimpangie hesabu ya karafuu, nani kachuma pishi ngapi, basi nikalivuta faili kwa amri ya Import-Csv nikapanga kwa amri ya Sort-Object kuanzia mkubwa, mwenye pishi 9 kakaa juu ya mwenye 100! Kumbe vyote vinaingia kama maandishi, sio namba, njia moja ni ujitengenezee obijekti yako, yaani rekodi ya kila mtu, kwa PSCustomObject halafu pishi uitilie int, yaani namba nzima, kwenye mabano ya mraba. Haya, nikafanya. Nikaongeza safu ya tano tu, jedwali lote likageuka orodha ndefuuu inashuka chini, mpaka uiite Format-Table kwa jina. Mjomba ananitazama tu, "we ulosoma kompyuta, daftari langu lina kosa gani?"