Tegu wa simba na nyamera: dawa iende msituni au kwa mbwa wa malishoni?

Kila linapopasuliwa ini lenye vifuko vya maji huku Lamu bara, swali lile lile hurudi: mbona mifugo inapewa dawa ya minyoo, na wanyama wa hifadhi za Boni na Dodori wanaopakana nayo wanaachwa hivi hivi? Wanaouliza wana hoja. Hifadhi hizo zilitangazwa mwaka 1976, Dodori hasa kwa ajili ya nyamera wanaozalia huko. Hirola, swala adimu wa upande wa Ijara, hawafiki 500, na mbwa mwitu nao ni wa kuhesabu. Kwa nini tuwaachie minyoo wachache waliobaki?

Upande wa pili hujibu kwamba tegu, mnyoo bapa anayeleta vifuko hivyo, ni wa porini tangu zamani na aachwe. Jibu hilo ni jepesi mno, ingawa mwisho wake ni sahihi. Sababu yenyewe imo katika maisha ya tegu.

Mzima hukaa utumboni mwa mla nyama. Utumbo wa simba ukipasuliwa, tegu warefu hulala humo kama ukili ambao haujashonwa mkeka: weupe, bapa, pingili kwa pingili. Pingili za mwisho hukatika na kutoka na kinyesi, mfano wa mbegu za tango. Pembeni yao huwapo wengine wadogo wa milimita chache, pingili tatu au nne tu, wameshika ukuta wa utumbo kama ufuta uliomwagika. Simba huweza kubeba maelfu ya hao wadogo na bado akawa amenona. Anayeumia ni mla majani. Humeza mayai pamoja na nyasi, kiluwiluwi hupenya utumbo, hufuata damu hadi kwenye ini, mapafu au minofu, kisha hujifunga kifuko. Kifuko cha tegu mdogo kina ganda jeupe na maji maangavu, na chini yake hutuama chembe kama mchanga laini. Kila chembe ni kichwa cha tegu kinachosubiri kuliwa. Nyamera mwenye vifuko hivyo mapafuni huishiwa pumzi upesi akikimbizwa.

Hapo ndipo dawa ya msituni inapogonga mwamba. Dawa ya prazikwanteli huua tegu aliye utumboni, lakini kifuko kilichokwisha kukomaa haikiwezi. Binadamu mwenye kifuko humeza dawa nyingine, albendazoli, miligramu 400 mara mbili kwa siku kwa siku 28, hupumzika 14, akarudia, na wengine huishia kwa upasuaji. Nani atamnywesha nyamera hivyo? Simba anaweza kupigwa sindano ya usingizi na kupewa dawa, lakini dawa haikai mwilini. Akila mnyama mwenye vifuko wiki ijayo, anaanza upya. Ujerumani walitawanya vyambo vyenye dawa kwa ajili ya mbweha, na maambukizi yalishuka kweli. Viliposimamishwa, tegu walirudi. Boni vyambo hivyo vingeliwa kwanza na ngiri na nyani.

Kuna mahali wanaodai dawa wako sahihi kabisa: mnyama wa kuhamishwa. Ameshalazwa, basi apewe dawa na akae bomani hadi kinyesi chake kipimwe, asije akapeleka mnyoo kusikokuwa nao. Hirola, kwa upande wao, walipunguzwa na sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, miaka ya 1980, wakabanwa na malisho yaliyoharibika. Kumpa tegu lawama hiyo ni kumwonea.

Tegu mdogo wa simba, anayezunguka kupitia ngiri, alithibitishwa mwaka 2008 kuwa spishi ya peke yake, na hajulikani kumwambukiza mtu. Anayemjaza mtu vifuko ni yule wa mbwa, anayepitia kondoo, mbuzi na ngamia. Mbwa wa malishoni hufuata mifugo hadi ndani ya hifadhi, akajisaidia kwenye nyasi zile zile anazokula nyamera. Kwa hiyo shilingi ya dawa ianzie kwake.

Kipimo cha prazikwanteli ni miligramu 5 kwa kila kilo: mbwa wa kilo 20 ni miligramu 100. Apimwe uzito, asikisiwe. Kidonge kifichwe ndani ya nyama na mtu amtazame hadi ameze, maana wengi hukitema nyuma ya zizi. Afungwe saa 48, na kinyesi chote kichomwe au kizikwe, kwa kuwa dawa huua tegu lakini haiui mayai. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: mbwa hufunguliwa dakika ile ile, akaenda kumwaga mayai malishoni. Dozi irudiwe kila wiki sita, kabla tegu mpya hajaanza kutaga. Hii si kazi ya msimu mmoja. Mradi wa Turkana wa kudhibiti vifuko hivi, ulioanza 1983, uliendeshwa kwa miaka mingi.

Na yote ni bure kama machinjio inamtupia mbwa ini bovu. Litumbukizwe kwenye shimo lenye mfuniko, au lichemshwe dakika 40 kabla mbwa hajaligusa.

Desturi ya kuosha mara saba chombo kilichorambwa na mbwa, moja kwa udongo, imezilinda jikoni nyingi za Lamu. Kwenye jabia, birika la kukingia maji ya mvua, haifiki. Mvua ya kwanza hukokota kinyesi cha mbwa hadi majini, kwa hiyo jabia izungushiwe ua wa miiba kabla ya masika, na maji ya kunywa yachemshwe, kwa sababu klorini haiui mayai haya.