Hofu si Mpira wa Kuvutwa

Mchana mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tanga. Kazi yangu ni kuhakiki hati za mizigo, kulinganisha uzito ulioandikwa na uzito uliopimwa, na kubishana kwa adabu na madereva wa malori wanaotaka kuondoka kabla ya muhuri. Usiku, kuanzia saa tatu, ninaandika hadithi za kutisha. Nimefanya hivyo kwa miaka tisa, na mafanikio yangu ya miaka yote hiyo yanatosha kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja: hadithi tatu zilizochapishwa katika mikusanyo, ambazo malipo yake yalikuwa nakala mbili mbili za kitabu, simulizi moja niliyoiuza kwa simu, na filamu fupi moja ya dakika saba. Watu wanaonitakia mema huniuliza ni lini nitaacha ukarani ili niandike tu. Sina mpango huo, na si kwa woga, kwa maana naamini kwamba katika uandishi wa aina hii mshahara wa mwisho wa mwezi humsaidia mwandishi kwa namna ambayo wenye kuuliza hawajaifikiria.

Nianze na ile simulizi ya simu. Anayefuatilia hadithi za Kiswahili mtandaoni anaujua utaratibu wake: mwandishi anaweka sehemu chache za mwanzo bure kwenye Facebook, anakata pale mlango unapoanza kufunguka wenyewe, anaandika ITAENDELEA, kisha anaacha namba ya simu ili atakayetaka zilizobaki atume shilingi 1,000 na kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Ni biashara halali, na nawaheshimu wanaoimudu, kwani imewafikia wasomaji ambao duka la vitabu halijawahi kufunguliwa karibu nao. Mimi nilipata wasomaji 63 waliolipa. Wengine huenda watacheka, lakini nilipoona shilingi 63,000 zilizotokana na maneno yangu mwenyewe nilizitazama kwenye simu mara nyingi kuliko nilivyowahi kuutazama mshahara.

Hadithi hiyo niliipanga iwe ya sehemu sita. Ilipofika ya nne, ujumbe ukaanza kumiminika: "Kaka mwandishi, hii isiishe mapema," "Shusha hata thelathini, tutalipa tena." Basi nikaongeza. Nikaleta binamu, nikaleta mganga, nikaleta mganga wa pili wa kumshinda yule wa kwanza, na kufikia sehemu ya kumi na tisa kile kiumbe kilichowanyima watu usingizi kilikuwa kimekwisha kuwa kama mpangaji mwenzao, saa yake ya kuingia inajulikana na saa yake ya kutoka inajulikana. Ukiivuta hofu namna hiyo, inageuka kuwa kisa cha ugomvi wa ndoa chenye jini ndani yake. Kama fedha zile ndizo zingelipa kodi ya chumba changu, ningefika sehemu ya sitini, tena bila aibu, kwa sababu tumbo halina aibu. Kwa kuwa kodi ilikuwa imekwisha kulipwa kwa mshahara wa ukarani, niliifunga katika sehemu ya ishirini, nikawaomba radhi wasomaji, na tangu hapo hadithi zangu hazizidi kurasa kumi na mbili.

Aliyenifundisha ufupi kwanza hakuwa mwandishi. Nikiwa darasa la sita tulipelekwa kuona Mapango ya Amboni, yaliyo yapata kilomita nane kutoka mjini. Aliyetuongoza alikuwa mzee mwenye tochi moja na viatu vya raba. Alitusimamisha mbele ya tundu jembamba, akatusimulia hadithi ambayo watoto wengi wa Tanga wameisikia, ya Wazungu wawili walioingia humo na mbwa wao wasionekane tena, ila mbwa akaja kuonekana karibu na Mlima Kilimanjaro. Hakusema walipatwa na nini, wala hakusema mbwa huyo alikuwa katika hali gani. Alizima tochi, akanyamaza kiasi cha mtu kuvuta pumzi mbili, akaiwasha tena, akasema, "Haya wanangu, njia ni hii." Nimesoma na kutazama mengi tangu siku ile, na bado sijakutana na mhariri anayemzidi.

Nathari yetu iliyoandikwa haikumfuata sana mzee yule. Riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960, Mzimu wa Watu wa Kale, ina mzimu katika jina lake, lakini mpelelezi wake, Bwana Msa, anakuja na kiko chake na akili zake, na msomaji anaishia kumtazama binadamu mwenzake. Ni riwaya ninayoipenda na sina ugomvi nayo. Nasema tu kwamba wengi waliofuata njia hiyo waliona kila mzimu hauna budi kufafanuliwa. Filamu nyingi za kutisha za Kibongo za miaka ya 2000 zilikimbilia upande wa pili, zikaonyesha kila kitu, meno, mapembe na radi za kompyuta. Kati ya kueleza yote na kuonyesha yote pana uwanja mpana uliobaki wazi, na mtu asiye na fedha anaweza kuuingia bila kumwomba mtu yeyote nafasi.

Filamu yetu tuliitengeneza kwa mikesha miwili, ya Jumamosi na Jumapili, kwa shilingi 420,000 ambazo nyingi ziliishia kwenye chakula, bodaboda na kukodi kipaza sauti. Mpiga picha ni fundi simu, mwigizaji mkuu ni mwalimu wa chekechea. Kibali tuliomba Bodi ya Filamu kama sheria inavyotaka, tukasubiri, tukapata. Kisa chenyewe ni kifupi: mwanamke amerudi kuishi katika nyumba ya marehemu bibi yake, nyumba ina maji ya bomba, na mtungi wa bibi umefudikizwa uani tangu siku ya arobaini. Usiku anasikia kata ikigonga mdomo wa mtungi, kisha maji yakimiminwa. Asubuhi mtungi uko vilevile, umefudikizwa, mkavu.

Sauti hiyo ilitutoa jasho. Tulianza na kopo la plastiki na ndoo, ikasikika kama mtu anafua. Tukajaribu sufuria, ikawa jikoni kwa watu. Mwishowe niliazima mtungi wa mama na kata ya kifuu yenye mpini wa mti, tukaujaza maji robo tatu, na mchukua sauti wetu, baada ya kusikiliza mara nyingi kuliko tulivyopenda, akagundua kwamba kinachotisha si kata kugonga udongo wala si maji kumwagika, bali ni ule muda ulio kati ya hayo mawili, kata imekwisha kujaa na bado haijamiminwa. Tuliurefusha muda huo kwa nusu sekunde. Siku ya kuionyesha, ukumbini walikuwamo watu wasiozidi arobaini kwenye viti vya plastiki, projekta imewekwa juu ya kreti za soda. Kata ilipogonga mara ya tatu, mama mmoja wa makamo aliyekaa mbele yangu alisema "Audhubillahi" kwa sauti ya chini, akamvuta mtoto wake karibu. Baadaye tuliituma filamu kwenye matamasha manne. Matatu hayakujibu, na moja liliionyesha mchana, wakati watu wako kwenye chakula. Nashukuru kwa hilo moja, lakini nikiulizwa filamu ilifanikiwa wapi, nitamtaja yule mama.

Lipo jambo ambalo wanaosifu filamu hiyo hawalijui. Katika muswada wa kwanza, bibi alionekana. Alisimama uani, macho mekundu, kata mkononi, na mwisho wa filamu ikajulikana kwamba alikuwa mchawi. Yule mwalimu wa chekechea, ambaye kwao ni Shinyanga, alisoma mpaka hapo akanirudishia karatasi. "Bibi yangu alikuwa na macho hayohayo," alisema. "Mtafute mtu mwingine." Nilijua alichokisema. Huko Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi ukiwa ni wekundu wa macho ya mtu aliyepika maisha yake yote kwenye moshi. Mwaka 1995, Popobawa, kiumbe anayesemekana huwavamia watu usiku majumbani mwao, alipovuma Pemba na kisha Unguja, watu wazima walilala nje kwa makundi kwa kuogopa kukutwa ndani. Katika nchi ambayo hofu inaweza kuwatoa watu vitandani, na hata kuua, mwandishi wa kutisha hawezi kusema kwamba anachezea maneno tu. Bibi mchawi ni bidhaa inayotoka haraka, nami najua waandishi wazuri wanaoiuza kwa sababu kesho watoto wanataka ada. Mimi niliweza kumwondoa bila kupoteza mlo. Alipoondoka, ndipo tulipobakiwa na sauti peke yake.

Sisemi kwamba maisha haya ni mepesi. Yapo majuma mazima ambayo hati za forodha hunimaliza hata sentensi moja haitoki, na siku moja, baada ya kuandika hadi alfajiri, niliongeza sifuri kwenye uzito wa kontena na nikaitwa kujieleza. Nilistahili. Hata hivyo ukarani unanipa uhuru wa kuandika kurasa kumi na mbili na kunyamaza, na uhuru huo sijauona ukitolewa kwa wasomaji 63, wala sidhani utatolewa kwa wasomaji elfu sita wanaosubiri sehemu ya thelathini.

Mtungi bado uko kwangu. Mama aliitazama filamu kwenye simu yangu akiwa amekaa jikoni, akanirudishia simu bila neno, akaendelea kuchambua mchele. Nilipomwambia kwamba mtungi wake nitaurudisha Jumapili, alisema, "Kaa nao tu, mwanangu, mimi nina ndoo." Huu ni mwezi wa tano tangu aseme hivyo. Nimeuweka kando ya meza ninayoandikia, na ndani yake natunza nyaya.