Perege wa Nyuzi 80 Chini ya Sifuri

Kazi yangu ni seli T, askari wa kinga ya mwili. Daktari akishamshushia mgonjwa mpira wenye kamera, ananyofoa vipande vya umio vidogo kama punje za mchele, nami navichambua maabara nione hao askari wa mwili wanapigana au wamesinzia. Hapa Moshi si jambo la mchezo: saratani ya umio tunayo, na chai tunainywa ikiwa bado inafuka moshi. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani alisema tangu 2016 kwamba kinywaji kilichozidi nyuzi 65 pengine huleta saratani hiyo. Kamwambie bibi yangu uone.

Basi sampuli zikatoka kliniki kwa bajaji, ndani ya deli la bluu lenye barafu. Dereva, bajaji zetu unazijua, akampakia njiani mama muuza samaki wa Bwawa la Nyumba ya Mungu. Naye ana deli la bluu.

Simu ikaita.

"Wewe ndiye mwenye namba iliyoandikwa kwenye kifuniko?"

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuta vichupa vya maji ya pinki, ndani vinyama. Mteja wangu kakimbia. Perege wangu wako wapi?"

Hayo maji ya pinki ndiyo chakula cha seli. Yakigeuka manjano, asidi imezidi na seli ziko taabani. Nikauliza, sauti inatetemeka: "Mama, bado ni pinki?"

"Si nimeshasema! Tena nimeviongezea barafu. Mimi nauza samaki, sichezi na barafu."

Nikakimbilia Soko la Mbuyuni, nikarudi na vichupa. Mama naye nyuma yangu, hataki kuachwa. Nilipovisaga vile vinyama na kuzichuja seli, nikazitia rangi ya bluu ya kupimia uhai: iliyokufa huinywa, iliyo hai huikataa. Nikainama kwenye darubini. Karibu zote zimeikataa! Zile tunazozisafirisha sisi wenyewe, kwa mwongozo wenye sahihi na mihuri, hazijawahi kufika na afya hiyo.

Wakati huo mwanafunzi wetu wa mazoezi, kijana mtiifu kupita kiasi, alikuwa ameshalifungua lile deli jingine. Mwongozo unasema nyama isiyo na lebo iingie friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri mpaka msimamizi aje. Akawaingiza perege wote, na kwenye daftari akaandika: "Umio. Mkubwa. Una mapezi."

Mtu wa usalama akagoma katakata: kilichoingia friji ile hakirudi jikoni, safari yake ni tanuri la taka za hospitali. Nikamlipa mama kwa fedha za mradi, na mhasibu bado ananiuliza perege waingie kwenye kemikali au usafiri.

Mama alikataa kuondoka mpaka ashuhudie. Tanuri lilipofunguliwa akawatazama samaki wake, akanitazama mimi.

"Na shule zote hizo, mnawachoma bila chumvi wala ndimu?"