Mtoto Wangu Si Kalenda

Mimi naitwa Juma Hamisi, na kama wewe unayesoma unaishi Tanga, basi huenda nawe unaitwa Juma Hamisi, au umeoa kwa Juma Hamisi, au unadaiwa na Juma Hamisi, kwa hiyo sina haja ya kujieleza sana. Itoshe kusema kwamba mimi ni yule wa Ngamiani, karani wa ghala la mkonge, mwenye baiskeli ya kijani isiyo na kengele. Mtaani kwetu ukilitaja jina langu peke yake hutaletewa mtu, utaulizwa swali: Juma yupi? Yupo Juma Fundi, yupo Juma Mrefu, yupo Juma Mrefu wa Makorora ambaye ni mfupi lakini ameurithi urefu kutoka kwa kaka yake aliyehamia Pangani, na nipo mimi, ambaye tangu siku ile nilipokwenda mazikoni nimevaa kanzu nje ndani, naitwa Juma Nje Ndani. Jina alilonipa baba lilichinjiwa mbuzi wawili. Hili la Nje Ndani halikuchinjiwa hata kuku, na ndilo linalotumika.

Ninayasema haya kwa sababu mke wangu, Mama Zuhura, amejifungua mtoto wa kiume, wa kwanza kwa upande wa wanaume, na kabla kitovu hakijakauka baba yangu alipiga simu kutoka Muheza kutangaza kwamba mjukuu wake ameshapata jina, nalo ni Hamisi. Hakuuliza, alitangaza. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, na kwa kuwa babu yangu alikuwa Juma, baba yangu ni Hamisi na mimi ni Juma, ukoo mzima umekuwa ukizungusha majina mawili kama kete za bao, zamu ya Juma, zamu ya Hamisi, na hakuna anayekumbuka nani alianza wala anayeruhusiwa kulala.

Sasa hebu tazameni hesabu yenyewe. Hamisi ni jina la mtu wa Alhamisi na Juma ni la mtu wa Ijumaa, na serikali inataka majina matatu. Mtoto huyu ataandikishwa Hamisi Juma Hamisi, yaani Alhamisi, kisha Ijumaa, kisha Alhamisi tena, kama wiki iliyokwenda mbele siku moja ikarudi nyumbani kwa kuwa imesahau funguo. Na mwenyewe amezaliwa Jumanne! Shangazi yangu, ambaye hupenda kupatanisha watu kwa kuwaongezea tatizo, alishauri kwamba ili kumaliza ubishi tumwite Jumanne, kwa siku yake halali. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba Jumanne Juma Hamisi si jina la mtu, ni kalenda iliyoanguka ukutani ikaokotwa na mtu asiyejua kusoma. Mimi mwenyewe, kwa taarifa yenu, nilizaliwa Jumapili.

Sina chuki na jina lenye watu wengi. Ninalalamika kwa sababu ninajua gharama yake, na gharama hiyo nimeilipa mimi, si baba, maana baba anaishi Muheza kwenye michungwa, ambako jirani wa karibu yuko mbali kiasi kwamba hata angeitwa Hamisi asingeitikia. Mwaka juzi msikitini walipotangaza kifo cha Juma Hamisi, dada yangu alisafiri kutoka Pangani akilia njia nzima, akanikuta barazani ninakula muhogo, na badala ya kumshukuru Mungu alinikasirikia kwa sababu ya nauli. Halafu kuna hizi pesa za simu. Mtu alikosea tarakimu moja akanitumia shilingi 40,000 za ada ya mwanawe. Jina la mpokeaji lilimtokea kwenye kioo kabla hajathibitisha, na lile jina limewekwa pale ili limshtue mkosaji asitishe, lakini yeye hakushtuka, kwa sababu aliyekuwa akimtumia naye ni Juma Hamisi. Nilizirudisha, makato nikakatwa mimi. Hata wale matapeli wanaotuma ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja hivi” wameligundua jina langu, na wifi yangu alishawatumia elfu kumi na tano kwa moyo mkunjufu, akidhani ananikopesha mimi.

Hayo yote nilikuwa nimeyasamehe. Lililonitoa machozi ni la siku yenyewe ya kujifungua.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, wanaume kama saba, kila mmoja akijifanya anasoma tangazo la unyonyeshaji lililobandikwa ukutani. Saa nne asubuhi nesi akatoa kichwa mlangoni akaita, “Juma Hamisi!” Nikasimama peke yangu, na hilo la kusimama peke yangu ndilo lililonidanganya, maana maishani mwangu sijawahi kuitwa nikasimama peke yangu. Akasema, “Hongera baba, mapacha, wote wa kiume, wote wazima.” Nilikaa tena bila kuitafuta benchi, nikashukuru kuwa ilikuwepo. Nikampigia baba simu, na kelele za furaha alizopiga zilisikika na benchi zima. Kisha nikaanza kuhesabu. Akika ya mtoto wa kiume ni mbuzi wawili, mapacha ni mbuzi wanne, nami ninachokifuga ni paka mmoja tu, tena si wangu, ni wa jirani, huja kwangu kula. Niliiuza baiskeli kichwani, nikaliuza kabati, nikaitazama saa ya mkononi kwa jicho la mnada. Wakati huohuo, na hili naomba mlielewe, nilikuwa nimeshawapenda wote wawili. Mmoja nilimwona mkimya mwenye akili, mwingine mtundu wa kunivunjia vyombo.

Ndipo akatokea bwana mmoja ameshika chupa ya chai na maandazi kwenye gazeti, akakaa pembeni yangu, na nesi akatoa kichwa mara ya pili akaita, “Juma Hamisi!” Tukasimama wote wawili. “Mtoto mmoja, wa kiume, kilo tatu na nusu.” Yule bwana akasema alhamdulilahi, mimi nikasema hapana, nesi akasema nini hapana. Ilichukua robo saa na majina ya wake zetu kuutenganisha uzazi wangu na uzazi wake, na ilipodhihirika kwamba mapacha ni wa yule mwenye maandazi, alinikabidhi chupa ya chai niishike ili apate kushika kichwa kwa mikono miwili. Nilipata nafuu ya mbuzi wawili, ni kweli, lakini nilipoteza mtoto ambaye hakuwahi kuwa wangu, na hadi leo nikimtazama huyu mmoja amelala, najiuliza ni yule mwenye akili au yule mtundu. Tulibadilishana namba za simu. Mimi nimemhifadhi kwa jina la Juma Hamisi Mapacha, na nadhani yeye amenihifadhi Juma Hamisi Mmoja.

Baada ya hapo mtu mwenye akili timamu asingemwita mtoto Hamisi. Mke wangu alikubaliana nami kwa neno hilo, kisha akanipinga kwa yote mengine. Kwao ni Korogwe, na kule, anasema, mtoto hapewi jina la kuitwa mmoja wakaitika kumi. Alileta orodha kwenye simu, na juu kabisa kulikuwa na Rayyan. Ni jina zuri, ni mlango wa Peponi watakaoingilia wafungaji, nami sina ubishi na mlango huo. Lakini nikamkumbusha kwamba katika chekechea anayosoma Zuhura wapo akina Rayyan wanne, na mwalimu ameshaanza kuwaita Rayyan Mkubwa, Rayyan Mdogo, Rayyan Kamasi na Rayyan wa Kwa Mzee wa Kahawa. Kila mzazi kati ya hao wanne alilala usiku akijua amebuni jina la pekee, akaamka asubuhi akakutana na wenzake watatu getini.

Usiku mtoto akikataa kulala mimi hutembea naye sebuleni huku nikisoma simu, na nimegundua kwamba ugonjwa huu si wa Tanga peke yake. Marekani jina Jennifer liliongoza kwa wasichana miaka kumi na mitano mfululizo, kuanzia 1970 hadi 1984, na ninaamini kila mama aliyelitoa alidhani binti yake atakuwa Jennifer wa mtaa. Kisha nikasoma kwamba Uingereza na Wales mwaka 2023 jina lililoongoza kwa watoto wa kiume lilikuwa Muhammad, watoto 4,661, likaipiku Noah, na hapo kila tahajia ya jina hilo ilihesabiwa peke yake. Niliishangaa Noah kuliko Muhammad, kwa sababu huku kwetu Noah ni gari la abiria, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuzaliwa akiwa hivyo. Nilikosea nikamsimulia baba. Akasema, “Unaona, mwanangu? Waingereza wameanza kuijua faida ya jina lenye watu, wewe unalikimbia.”

Baba hashindwi kwa maneno. Alinieleza kwamba akitajwa Hamisi kwenye hitima, nusu ya msikiti huitikia amina kwa nguvu ikidhani anaombewa babu yao, na kwamba dua ya namna hiyo mtu anayeitwa Jayden hawezi kuipata. Kisha akanitupia Shaaban Robert. “Amezaliwa hapa hapa Tanga, Vibambani, mwaka 1909. Shaabani ni jina la mwezi, na akina Shaabani wa Tanga huwezi kuwamaliza kuwahesabu. Lakini umewahi kumsikia mtu akiuliza Shaaban Robert yupi?” Nikamjibu kwamba ndugu yetu yule, Mungu amrehemu, alisaidiwa sana na hilo Robert, na kwamba hata mimi ningekuwa Juma Robert, nesi angejua pa kunipeleka. Baba akanyamaza, nikadhani nimeshinda. Kumbe alikuwa anazungumza na mwenye mbuzi.

Siku ya saba asubuhi alishuka kwenye Noah mbele ya nyumba yangu akiwa na gunia la machungwa na mbuzi wawili wenye afya, mmoja mweupe na mmoja wa rangi ya kahawa, akasimama barazani akiwashika kamba huku akinitazama mimi, si mtoto. Mke wangu alinitazama. Mbuzi wale nao walinitazama. Mimi mshahara ulikuwa umeshakwisha kwenye nepi, na aliyeleta mbuzi ndiye mwenye jina. Tukamnyoa mtoto, dua ikasomwa, akaitwa Hamisi, na wakati pilau inapakuliwa nilishawasikia watoto wa nyumba ya pili wakimwita Hamisi Nje Ndani.

Simu ikaita. Alikuwa Juma Hamisi Mapacha, naye anafanya akika siku hiyo hiyo, ananialika Sahare.

“Nimekata shauri, mgosi,” akasema, sauti imejaa fahari. “Hassan na Hussein nimekataa. Kila nyumba yenye mapacha Tanga hii ni Hassan na Hussein, nami nimetaka wanangu wawe na majina yao peke yao. Mkubwa nimempa la marehemu baba, Hamisi.”

Nikaegemea nguzo. Hamisi Juma Hamisi wawili, siku moja, wodi moja, na vyeti vya kuzaliwa bado havijaandikwa. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba aongopewe, huyu wa pili wamemwitaje.

“Jumanne,” akasema. “Kwa siku yake.”