Pasipoti ya Tanzania inapiga kura Leicester, Temeke haipigi

Mtanzania mwenye miaka 18 anayeishi Leicester kwa visa halali, hata ya masomo, ana haki ya kumchagua diwani, meya na mbunge wa Uingereza. Anaipata kwa kuwa nchi yake imo kwenye Jumuiya ya Madola. Anajiandikisha mtandaoni, akiwa na namba yake ya hifadhi ya jamii, angalau siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Tangu 2023 kituoni wanadai kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Tanzania ni mojawapo ya vinavyokubalika. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda nao wamo. Warundi na Wakongo hawamo. Pasipoti hiyohiyo haimsaidii kumpigia kura Rais wa Tanzania, maana hatuna utaratibu wa kura kwa walio nje. Mkenya wa mtaa uleule anazo zote mbili: 2022 alimpigia kura Rais wake akiwa London, na bado ana kura yake ya Leicester.

Wengi wetu hawajui kama haki hiyo ipo. Wanaishi huku miaka kumi, kila siku wanabishana habari za Bunge la Dodoma kwenye makundi ya WhatsApp, na barua ya kuhakiki daftari la wapiga kura inayokuja kila mwaka inaishia kwenye takataka.

Nyumbani nako kuna imani kwamba huku mambo yananyooka kwa kuwa viongozi wa kizungu ni waadilifu. Anayeamini hivyo atazame Birmingham. Septemba 2023 halmashauri ya jiji hilo, kati ya kubwa kabisa Ulaya, ilitangaza kwamba haina uwezo wa kulipa madeni yake. Kulikuwa na madai ya miaka mingi ya wafanyakazi wanawake waliolipwa chini ya wanaume, na juu yake mfumo mpya wa kompyuta wa mahesabu uliogharimu kupita makadirio na bado haukufanya kazi. Aprili 2024 wakazi wakapandishiwa kodi kwa asilimia 9.99, wakati kiwango cha kawaida bila kura ya maoni hakifiki asilimia 5. Mwaka 2025 wazoa taka wakagoma, mifuko ikalundikana barabarani na panya wakanenepa. Kabla ya Birmingham zilianguka Northamptonshire, Croydon na Thurrock. Kwa hiyo uzembe upo, na tamaa ipo.

Kinachotofautisha ni kinachofuata baada ya uzembe kugundulika. Sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 1988, kifungu cha 114, inamlazimisha mkuu wa fedha wa halmashauri kutoa ilani pale anapoona matumizi yanazidi mapato. Halazimiki kuomba ruhusa ya meya wala ya waziri. Ilani ikitoka, matumizi mapya yanasimama isipokuwa ya huduma zinazotakiwa kisheria, na baraza zima lazima likutane ndani ya siku 21 kuijadili. Mtumishi huyo aliajiriwa na baraza, na mishahara ya wakubwa wa halmashauri inachapishwa. Mwananchi akitaka kujua nani alisaini nini, ana mahali pa kuanzia.

Tuiangalie kodi yenyewe, maana ndipo mwananchi anapokutana na serikali bila hotuba. Kila Machi, nyumba ya Leicester inapata hati ya kodi ya halmashauri. Juu kuna kundi la nyumba, A hadi H. Chini yake kuna mistari: halmashauri ya jiji kiasi fulani, polisi kiasi fulani, zimamoto kiasi fulani, na mbele ya kila mstari asilimia iliyopanda tangu mwaka uliopita. Kwa kawaida inalipwa kwa mafungu kumi, na analipa anayeishi ndani, awe mwenye nyumba au mpangaji. Ina upuuzi wake: thamani ya nyumba inapimwa kwa bei za Aprili 1991, hata kwa nyumba iliyojengwa mwaka jana, kwa sababu hakuna waziri aliyethubutu kuzipima upya na kuwaudhi wapiga kura. Lakini mkazi anajua ni nani kachukua ngapi.

Sasa shika risiti ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya Temeke, Dar es Salaam. Kuna tokeni ya tarakimu 20, kuna uniti, kisha makato: VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, na mara moja kwa mwezi kodi ya majengo. Kodi hii iliingizwa kwenye LUKU mwaka 2021 kwa shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikawa 1,500. Kwa ghorofa ilianza 5,000 kwa sakafu ikafika 7,500. Kama njia ya kukusanya, hongera: haina foleni, haina mgambo, haina mtu wa kuhonga. Tatizo ni kwamba kodi ya mwenye nyumba inalipwa na anayenunua umeme, na mara nyingi huyo ni mpangaji. Nyumba moja ikiwa na mita tatu inaweza kukatwa mara tatu mpaka mwenye nyumba aende kurekebisha taarifa, na mwenye nyumba asiyekatwa yeye hana haraka. Kubwa zaidi, fedha inapitia serikali kuu kwanza na halmashauri inasubiri mgawo. Mtaro wa Mbagala ukiziba, ile 1,500 haina anwani. Utamuuliza nani? TANESCO atasema yeye ni mkusanyaji tu, TRA atakuelekeza Hazina, diwani atasema mgawo haujafika.

Kuna eneo moja ambalo nyumbani tumewashinda hawa, na hatujisifii. CAG wetu, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakagua halmashauri zote 184 za Bara. Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka ampe Rais taarifa yake, ambayo kwa sheria hufika kabla ya Machi kwisha, kisha inawekwa mezani Bungeni. Aprili ikifika, madudu ya halmashauri yanasomwa kwenye daladala. England ilifuta chombo chake cha ukaguzi wa serikali za mitaa mwaka 2015 na kazi ikaachiwa kampuni binafsi. Kufikia 2023 kulikuwa na zaidi ya ripoti 900 za ukaguzi zilizochelewa, na serikali ikaishia kuweka tarehe ya mwisho, Desemba 2024, kwamba mahesabu ya zamani yafungwe hata kama mkaguzi hajamaliza. Yaani wakati huo halmashauri ya Kitanzania ilikuwa na hati ya ukaguzi ya mwaka uliotangulia, na ya Kiingereza pengine haikuwa hata na ya mwaka juzi yake.

Basi taarifa tunazo, na zinakuja kwa wakati. Tulichokosa ni mkono wa kuzifanyia kazi, na hapa ndipo siasa yetu ilipokwama. Mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais. Mkuu wa mkoa, vilevile. Diwani aliyepigiwa kura na watu wa kata yake anaweza kumhoji mkurugenzi kwenye baraza, anaweza hata kushawishi wenzake wapitishe azimio la kumkataa, kisha wote wakae wakisubiri TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa. Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni, taarifa inasomwa Aprili inayofuata, LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, inaita halmashauri chache, na hoja zikifika bungeni kwa mjadala mwaka mwingine umeshapita. Kufikia hapo mkurugenzi aliyetajwa ameshahamishiwa halmashauri nyingine. Aliyekuja anajibu hoja kwa sentensi inayojulikana nchi nzima: "Wakati huo sikuwepo kituoni." Na kweli hakuwepo.

Mkaguzi mwenyewe akisema sana, yanamkuta. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na CAG Profesa Mussa Assad kwa sababu ya neno "udhaifu" alilolitumia kulihusu Bunge, na Novemba mwaka huo nafasi yake ikapewa mtu mwingine.

Wapo wanaouliza kwa nini kuzungumzia halmashauri wakati kuna uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025. Siku hiyo intaneti ilizimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje, Tundu Lissu, mwenyekiti wa chama cha upinzani CHADEMA, alikuwa gerezani kwa kesi ya uhaini, chama chake hakikuwa kwenye karatasi ya kura, na Tume ikatangaza ushindi wa Rais aliye madarakani kwa karibu asilimia 98. Swali ni lilelile kwa ukubwa mwingine: msimamizi wa uchaguzi anamwogopa nani? Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi ni kinyume cha Katiba. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikabatilisha uamuzi huo. Mteule wa mgombea akiwa ndiye anayehesabu kura za mgombea, huhitaji kumshuku kuwa mwovu. Inatosha kwamba anapenda kazi yake.

Tofauti hiyo inaonekana hata kwenye kumwondoa mtu. Uingereza ina sheria ya 2015: mbunge akihukumiwa kifungo, au akisimamishwa na Bunge kwa muda fulani, wapiga kura wa jimbo lake wanafunguliwa daftari kwa wiki sita, na asilimia 10 wakisaini kiti kinakuwa wazi. Peterborough ilimng'oa mbunge wake hivyo mwaka 2019. Kwetu, ibara ya 71 inampokonya mbunge kiti akikosa chama, na waliomchagua hawaulizwi. (Isipokuwa wale 19 wa viti maalumu wa 2020, ambao CHADEMA iliwakana na viti vikabaki. Sheria yetu inajua kuchagua siku ya kufanya kazi.)

Hata kufuta halmashauri kuna namna. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Wakazi walisikia kwenye habari. Waziri Mkuu wa Uingereza, Thatcher, naye aliifuta halmashauri ya London Kubwa mwaka 1986 kwa sababu ilimkera, tena bila haya. Ila ilibidi apitishe sheria bungeni, apigwe vita kwenye mabunge yote mawili, na 1998 Walondon walipoulizwa kwa kura ya maoni wakaamua kuwa na meya na baraza jipya.

Pendekezo langu si geni: nafasi ya mkurugenzi itangazwe, isailiwe, aajiriwe na baraza kwa mkataba, na kuhama kusimamishe mafao mpaka hoja za ukaguzi zifungwe. Pingamizi linajulikana. Madiwani wakiwa karibu wote wa chama kimoja watamwajiri shemeji. Inawezekana kabisa. Kenya ilichagua magavana tangu 2013, na wizi haukuisha. Lakini gavana wa Kiambu, Ferdinand Waititu, aling'olewa Januari 2020 na mwaka 2025 mahakama ikamtia hatiani. Shemeji anayejulikana kaajiriwa na nani ni rahisi kumfuatilia kuliko mteule ambaye barua yake imetoka juu.

Tusisubiri Katiba mpya kwa kila kitu, na ushahidi tunao wenyewe. Mwaka 2021, kwenye mkopo wa UVIKO-19 wa trilioni 1.3, serikali ilitangaza kwamba kila darasa ni shilingi milioni 20, na madarasa yote ni 15,000. Namba moja, ikajulikana mpaka kijijini. Kwa kuwa ilijulikana, bibi asiye na shule aliweza kusimama mkutanoni na kuuliza mbona milioni 20 zimeisha na lenta haijafika.

Ukitaka kufuatilia ujenzi wa shule kwa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kulipa mafundi yenyewe, usimwandame mwalimu mkuu peke yake. Kuna kamati tatu: ya manunuzi, ya ujenzi na ya mapokezi. Ya mapokezi ndiyo mlango wa wizi. Wajumbe huitwa kusaini hati wiki nzima baada ya lori kuondoka, kwa hiyo wanapokea saruji ambayo hawakuiona, au nondo za milimita 12 kwenye karatasi na za milimita 10 kwenye nguzo. Omba hati ya mapokezi, tarehe yake uilinganishe na ya malipo.

Kijijini, mkutano mkuu unapaswa kukaa kila miezi mitatu na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Usikubali isomwe bila nakala ya taarifa ya benki. Kwa ngazi ya halmashauri, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa raia jibu ndani ya siku 30. Ombi la "matumizi ya halmashauri" litakataliwa au litapuuzwa kwa kuwa ni pana mno. Taja mradi, kata, mwaka wa fedha na hati unayoitaka: makadirio ya ujenzi, hati ya malipo, jina la mkandarasi. Peleka nakala mbili masjala, moja ibaki kwao, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu bila mhuri huo huna cha kuthibitisha siku 30 zilianza lini.