Odysseus alifunga mfuko, akafunga na mdomo

Wahamasishaji wa uongozi wamenichosha na Odysseus wao, yule mfalme wa Ithaca katika Odyssey, shairi la kale la Kigiriki. Picha ni ile ile kila semina: nahodha amefungwa mlingotini, Sirens, viumbe ambao wimbo wao huwapoteza mabaharia, wanaimba, na chini pameandikwa "maono". Hakuna anayetaja kwamba mtu huyu aliondoka vitani Troy na merikebu 12 akafika Ithaca peke yake, amelala fofofo, kabebwa na mabaharia wa watu wengine.

Ukiwauliza wenzake wako wapi, jibu lipo tayari: walijiponza wenyewe. Homer, mtunzi wake, kasema hivyo mwanzoni kabisa mwa Odyssey, walikula ng'ombe watakatifu wa mungu Jua. Sawa. Ila waliokula ng'ombe ni watu wa merikebu moja. Nyingine 11 ziliangamia kwa Laestrygonians, majitu yanayokula watu, ndani ya bandari yenye mlango mwembamba, huku mkubwa wao kaifunga ya kwake nje, kwenye mwamba. Aliwaonya? Shairi halina neno hata moja. Na usisahau kwamba anayesimulia vitabu vya 9 hadi 12 ni Odysseus mwenyewe, mgeni katika jumba la mfalme Alcinous, anayetafuta usafiri wa bure kwenda kwao. Shahidi ndiye mshtakiwa.

Lakini kesi yenyewe iko mwanzoni mwa kitabu cha 10, na hapo ndipo semina zinaporuka.

Aeolus, mtunza pepo, anamkirimu mwezi mzima. Kisha anamchuna ng'ombe wa miaka 9, anatengeneza mfuko wa ngozi, anafungia humo pepo zote za dhoruba na kuukaza kwa kamba ya fedha inayong'aa, usipenye hata upepo mdogo. Anaacha upepo wa magharibi tu, ndio wa kuwafikisha nyumbani. Wanasafiri siku 9, usiku na mchana. Siku ya 10 Ithaca hiyo hapo, karibu kiasi cha kuwaona watu wakichochea moto. Na siku zote hizo Odysseus kashika demani, kamba ya tanga, mwenyewe, hampi mtu. Usingizi unamchukua.

Sasa kaa upande wa mabaharia. Wanaona mfuko umetuna, kamba ya fedha, na bosi asiyeruhusu yeyote aguse chochote. Wanasemezana: huyu anarudi na ngawira tele ya Troy, sisi tuliopiga safari ile ile tunarudi mikono mitupu, hebu tuone mna dhahabu na fedha kiasi gani. Wanafungua. Pepo zinachomoka, kilio, na wote wanarudishwa hadi kisiwani kwa Aeolus, ambaye safari hii anawafukuza.

Sentensi moja tu ilihitajika: "Humu mna dhoruba, tukifungua hatufiki." Hapakuwa na jasusi melini wala siri ya vita. Na zamu? Watu walikuwepo: baadaye, kwa mchawi Circe, anawagawa watu wa merikebu yake makundi mawili, na Eurylochus, mmoja wa mabaharia wake, peke yake anaongoza watu 22. Katika wote hao hakumwona hata mmoja wa kumpokea kamba kwa saa chache! Kinachoudhi zaidi ni kwamba kule Ismaros, mji waliouteka, aligawa ngawira sawasawa, asipunjwe mtu. Mali alijua kuigawa. Habari akazikalia. Halafu mbele ya Aeolus analaumu wenzake wabaya na usingizi.

Haya, Scylla, zimwi la vichwa 6 lililonyakua mabaharia 6, nawaachia, shingo upande. Habari zake aliwaficha mabaharia kwa sababu wangeacha makasia na kujibanza ndani, na Circe alishasema kukawia pale ni kupoteza wengine 6 juu ya wale 6 wa kwanza. Ila muda mfupi kabla ya hapo, kwa Sirens, alieleza kila kitu: nta masikioni mwenu, mimi mnifunge, nikiomba kufunguliwa mkaze zaidi. Akasema haifai mtu mmoja au wawili tu wajue. Hakufa hata mmoja.

Mtaniambia na kwenye kisiwa cha ng'ombe alisema ukweli, akawaapisha kabisa, na bado wakala. Kweli. Upepo uliwazuia mwezi mzima, chakula kikaisha, naye akaenda kuomba miungu, akalala tena. Lakini wakati huo nani alikuwa bado anamwamini? Zamani kule kwa Circe, Eurylochus alimwambia wazi kwamba waliokufa kwenye pango la jitu Polyphemus waliuawa na ukaidi wa Odysseus. Ndivyo ilivyokuwa: walimsihi wachukue jibini waondoke, akataka kumsubiri mwenye nyumba ampe zawadi, 6 wakaliwa. Jibu la kiongozi wetu? Akawaza kumkata kichwa Eurylochus, na ni ndugu yake wa karibu. Wengine ndio waliomzuia.

Mtu wa kwanza kudai hesabu hadharani kule Ithaca ni Eupeithes, katika kitabu cha mwisho: alichukua merikebu na watu wengi, kapoteza merikebu, kapoteza na watu. Ana kisasi chake, mwanawe Antinous ameuawa na Odysseus juzi tu, hilo halifichiki. Bado swali lake ni halali. Anajibiwa kwa mkuki wa Laertes, baba yake Odysseus, unaopenya kofia yake ya shaba, kisha mungu wa kike Athena anaamuru watu waache kupigana.