Adams au Saliba? Mtatuua na Maswali Yenu

Jamani, hivi swali hili halina likizo? Kila kibanda umiza yupo mmoja, jezi ya Arsenal ya msimu huu mwilini, mkeka mkononi: "Kati ya Tony Adams na William Saliba, beki nani?" Yaani nahodha wa zamani wa Arsenal na beki wake wa kati wa siku hizi. Na anataka jibu la neno moja, kabla kona haijapigwa.

Haya, tuanzie kwa kipa. Mpaka 1992 beki akibanwa alikuwa anageuka, anamrudishia kipa, kipa anadaka, wote wanapumua. Adams na beki mwenzake wa kati, Steve Bould, waliifaidi raha hiyo chini ya kocha George Graham, na msimu wa 1990/91 Arsenal ikafungwa mabao 18 tu katika mechi 38 za ligi, ikapoteza moja. Kisha sheria ikamkataza kipa kushika mpira aliorudishiwa kwa mguu. Haikutosha! Mwaka 2019 wakaruhusu golikiki ichezewe ndani ya boksi, sasa beki wa kati anasimama pembeni ya kipa wake, anaukanyaga mpira, anamsubiri mshambuliaji amfuate. Ni makusudi: akishatoka yule, nyuma yake panabaki uwazi, pasi inapita hapo. Pasi ikiwa nyepesi, ni bao. Sisi wenye presha nani alituuliza? Mtu unapiga kelele "Butua!" na hawabutui, kwa sababu ukibutua umewapa wapinzani mpira bure.

Njoo kwenye kuotea, yaani mshambuliaji kuwatangulia mabeki wakati anapigiwa pasi. Graham mazoezini aliwashikisha kamba moja mabeki wake wanne, Lee Dixon, Bould, Adams na Nigel Winterburn, ili mmoja akipanda wote wapande. Siku ya mechi wanapanda, Adams ananyoosha mkono, kibendera juu, kazi imeisha. Na hadi 1990 mshambuliaji aliyelingana na beki alihesabiwa ameotea! Leo akilingana yuko halali, na mshika kibendera ameagizwa asubiri kwanza shambulizi liishe. Nyoosha mkono mpaka kwapa likauke. Halafu VAR, waamuzi wa video, wanapima bega na ncha ya kiatu wakati wewe umeshashangilia na soda ya jirani umeimwaga. Bao limefutwa. Soda inalipwa na nani?

Na hiyo mikono, lo! Beki wa siku hizi akikabiliana na winga ndani ya boksi anaificha mgongoni kama mtu aliyekamatwa na mgambo, akihofia penalti. Jaribu kukimbia hivyo uone: mizani inapotea, kugeuka kunachelewa, winga kashapita. Wazee walikuwa na mikono yao, na viwiko pia.

Mnaosahau kabisa ni Sol Campbell, aliyetoka Tottenham bure mwaka 2001, na Kolo Touré, aliyegeuzwa beki wa kati mwaka 2003. Campbell mwili, Touré mbio. Msimu wa 2003/04 walifungwa 26 bila kupoteza mechi ya ligi. Kwangu hao ndio baba halisi wa Saliba na Gabriel, beki mwenzake wa kati, si Adams. Miaka iliyofuata tuiruke, maana 8-2 tuliyopigwa na Manchester United kwao Old Trafford, Agosti 2011, haisimuliwi mbele ya watoto.

Gabriel anacheza kushoto kwa mguu wa kushoto, na hilo si pambo. Mwenye mguu wa kulia upande ule lazima augeuze mpira ndani kwanza, anajifungia njia ya winga wake mwenyewe. Saliba naye hakabi, anasindikiza: anamwacha mtu akimbie, kisha anauchukua mpira bila kuchafua bukta. Alipoumia mgongo Machi 2023 safu ikashuka nyuma kwa kuogopa mbio, kiungo akabaki na uwanja mpana, na uongozi wa 2-0 ukayeyuka kwa Liverpool, kisha kwa West Ham. Ubingwa kwaheri. Mkinilazimisha: Adams kwa kupanga watu, Saliba kwa kufukuzana. Nusu ya neno kwa kila mmoja, basi.

Kona nazo msinianze. Bould alikuwa anasimama nguzo ya karibu, anauparaza mpira kwa kichwa uende nyuma, mwenzake anamalizia. Leo Declan Rice au Bukayo Saka anaupinda kuelekea golini, wenzake wanamzonga kipa, Gabriel anakuja mbio kutoka upande wa nguzo ya mbali. Anayeruka akitoka mbio humzidi aliyesimama, kwa hiyo wapinzani wanamkamata jezi, kiuno, shingo. Mwamuzi anapuliza, anawakanya. Wanashikana tena. Anawakanya tena. Na wewe unayetazama kwenye simu, bando linakata, kona haijapigwa.